Ubao wa Dari na Rangi ya Baiskeli: Vifaa Duni na Maana ya Picha

Kila mwaka, walimu wanafunzi wetu wanaporejea kutoka mazoezi ya kufundisha katika shule za Njombe na Makambako, tunasoma katika maandalio yao ya masomo sentensi moja inayojirudia: kipindi cha sanaa hakikufundishwa kwa sababu ya ukosefu wa vifaa. Sentensi hiyo aghalabu ni ya kweli. Shule nyingi hazina brashi, hazina rangi, na karatasi nyeupe hutunzwa kwa ajili ya mitihani. Hata hivyo, nyuma ya sentensi hiyo limejificha wazo ambalo si la kweli, nalo ni kwamba picha ni kitu kimoja na vifaa ni kitu kingine. Kwamba maana ya picha hukaa kichwani mwa mchoraji ikiwa imekamilika, ikingoja tu rangi nzuri za dukani zifike ili iteremshwe karatasini.

Katika makala haya tumekusudia kulipinga wazo hilo. Tutafanya hivyo kwa kumchunguza mchoraji mmoja ambaye kila mwalimu wa Tanzania amekwisha kulisikia jina lake, lakini ambaye ni wachache mno waliopata kujiuliza alichora kwa kitu gani na juu ya kitu gani.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Hakusoma katika chuo chochote cha sanaa. Akiwa kijana aliondoka kwao kutafuta kazi, akafanya kibarua katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako alifanya kazi ya bustani katika nyumba ya mzungu na shughuli nyingine ndogondogo za kujipatia riziki. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora picha, na picha hizo zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali ambapo wageni wengi walifika kununua mahitaji yao. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi mjini humo, baada ya kudhaniwa kuwa mhalifu. Kazi yote iliyolifanya jina lake liwe jina la mtindo mzima wa uchoraji ilifanyika katika muda wa miaka minne hivi.

Tuanze na ubao. Tingatinga hakuchora juu ya turubai la wachoraji. Alichora juu ya ubao mwembamba wa hadibodi, ule ujulikanao pia kwa jina la Masonite, ambao mafundi seremala waliutumia kufunikia dari za nyumba. Ubao wa namna hiyo ulibuniwa Marekani na William H. Mason mwaka 1924. Vipande vya mbao hupasuliwa kwa nguvu ya mvuke hadi viwe nyuzinyuzi, kisha nyuzi hizo hushindiliwa kwa joto na kwa uzito mkubwa, nayo gundi ya asili iliyomo katika mbao zenyewe huzishikamanisha. Upande mmoja wa ubao hutoka laini kabisa; upande wa pili hubaki na alama za wavu. Ni mwepesi, hauna ukuni wa kuonekana, wala hauna fundo la mti la kumsumbua mchoraji.

Bamba zima la dari kwa kawaida huwa na futi 4 kwa futi 8. Fundi akilikata katika vipande vya futi 2 kwa futi 2 hupata vipande 8 kamili, wala habakiwi na kipande cha kutupa. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya, na kwa kweli ni zoezi zuri la eneo kuliko mengi tuyaonayo vitabuni. Sasa zitazame picha za Tingatinga: nyingi ni za mraba, zenye upande wa sentimita 60 hivi, yaani futi 2. Umbo ambalo wapenzi wa sanaa wameliandikia mengi lina ukoo wa karibu sana na msumeno wa seremala na hofu ya kupoteza mbao.

Lakini mraba si umbo tupu. Mchoraji atakaye kuonyesha mbuga na milima huhitaji ubao mpana, apate mahali pa kuweka umbali. Atakaye kumwonyesha mtu aliyesimama huhitaji ubao mrefu. Mraba hautoi nafasi hiyo wala hii. Wataka kitu kimoja, nacho kikae katikati. Ndiyo maana katika picha hizo mnyama ni mmoja au wawili tu, naye hujaza ubao karibu wote. Mkia hupindwa, shingo huinamishwa, miguu huwekwa pale palipobaki nafasi. Mtazamaji haoni mnyama aliye mbugani. Anaona mnyama, basi.

Tuje kwenye rangi, maana hapa ndipo penye utajiri zaidi. Tingatinga alitumia rangi ya mafuta yenye kung'aa, ile iliyouzwa katika makopo madogo kwa ajili ya kupaka baiskeli. Fundi yeyote wa baiskeli pale Makambako azijua tabia za rangi hiyo. Haitaki kuchanganywa na maji. Ikishapakwa hujisawazisha yenyewe, hata alama za brashi zikapotea. Hukauka kuanzia juu, kwa kuvuta hewa, na aliye na haraka huiharibu kwa kidole. Tena rangi mbili mbichi zikikutana huingiliana na kutiririka, zikawa tope moja. Mchoraji afanyeje? Hulazimika kupaka rangi ya nyuma ubao mzima na kungoja. Ikikauka, huweka mwili wa mnyama, akangoja tena. Mwishoni huweka macho, kucha na madoa.

Mpangilio huo wa kazi huleta matokeo ambayo hayakwepeki. Kila rangi hubaki kama ilivyotoka koponi, wala haififii polepole kuelekea kivuli. Kila umbo lina mpaka wake mkali. Hakuna jioni katika picha hizo, wala asubuhi, wala ukungu. Na hebu tumfikirie chui, kwa kuwa chui ni miongoni mwa wanyama wanaojulikana sana katika mtindo huu. Porini, madoa ya chui ni maficho yake. Humwezesha kupotea kati ya majani na kivuli hata umpite hatua tatu bila kumwona. Katika picha, madoa ni kitu cha mwisho kuwekwa, juu ya vyote, kwa rangi ing'aayo, moja baada ya jingine. Yale yale yaliyomficha sasa yanamtangaza. Mabadiliko hayo ya maana hayakuletwa na wazo lililoandikwa mahali popote. Yaliletwa na rangi isiyokubali kuchanganywa na mkono uliojua kungoja.

Yafaa pia tukumbuke rangi hiyo ilitoka wapi. Katika miaka ya 1960 baiskeli ilikuwa mali ya kujivunia kijijini. Mtu aliyeipaka upya aliiegesha mahali ionekane. Rangi za namna hiyo ndizo zilizong'aa pia katika vibao vya maduka. Wanunuzi wengi wa Oyster Bay walidhani wananunua Afrika ya kale, isiyoguswa na kiwanda. Walichokibeba chini ya kwapa kilikuwa ubao uliobuniwa katika kiwanda, umepakwa rangi ya kopo, na mtu aliyepita katika mashamba ya mkonge na bustani za watu. Picha zenyewe hazikuwadanganya. Mng'ao wake ulisema waziwazi ni za mwaka gani.

Katika somo la fasihi tumezoea kugawanya kazi katika fani na maudhui, na walimu wanafunzi huibeba tabia hiyo hadi kwenye picha. Huuliza: maudhui ni nini? Hujibu: ni simba. Fani je? Hujibu: rangi na mistari. Mgawanyo huo una manufaa yake, lakini katika uchoraji huacha nje jambo la tatu, yaani kitu chenyewe kilichotumika: uzito wake, bei yake, unyevu wake, na kumbukumbu ambayo watu wanayo juu yake. Kitu hicho hakingoji kuambiwa na fani kifanye nini. Kina matakwa yake.

Mwenzetu mmoja katika chumba cha wakufunzi alitupinga kwa hoja yenye nguvu. Alisema kwamba Tingatinga alitumia vifaa hivyo kwa sababu vilikuwa rahisi, na kwamba kama angalipewa rangi za gharama na turubai la Ulaya angalizipokea kwa mikono miwili. Hivyo kuutafutia maana ubao wa dari ni kuupamba umaskini. Tumeitafakari hoja hiyo. Twakubali kwamba hakuchagua kutoka katika ghala lililojaa. Lakini alipokwisha kuwa na ubao na kopo, alikuwa na njia mbili. Angeweza kushindana na vifaa vyake, akijaribu kutoa vivuli na umbali visivyotoka, na leo tusingalimkumbuka. Au angeweza kuvisikiliza. Alivisikiliza. Wako watu wengi waliokuwa maskini vivyo hivyo, wenye makopo yale yale, ambao hawakuacha picha hata moja. Kwa hiyo tusiwafundishe watoto kwamba umaskini huzaa sanaa. Huo ni uongo, tena ni uongo unaomfaa mtu asiyetaka kununua vifaa vya shule.

Ushahidi mwingine tunaupata kwa wafuasi wake. Baada ya mwaka 1972 wale aliowafundisha, miongoni mwao January Linda, Adeusi Mandu, Simon Mpata na Kasper Tedo, waliendeleza kazi, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo wakaunda chama chao cha ushirika. Kadiri miaka ilivyopita, wengi walihamia kwenye kitambaa, kwa kuwa kitambaa hukunjwa na msafiri akakitia begini. Kitambaa hakina kipimo cha bamba la dari. Hukatwa kwa upana wowote. Basi picha zikapanuka, wanyama wakaongezeka, zikaingia soko, hospitali, vijiji na umati wa watu. Yule mnyama mmoja aliyejaza dunia yake yote hakutoweka, ila alipata majirani. Rangi ilibaki ya mafuta. Sehemu iliyobadilika ni ile ya chini yake, na maana ikasogea pamoja nayo.

Nje ya mipaka yetu tunaye Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, aliyezaliwa mwaka 1947, naye pia alijifunza mwenyewe. Katika miaka ya 1970 alichora historia ya nchi yake, tangu kabla ya ukoloni hadi Lumumba na baada yake, juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alizungumza naye kwa Kiswahili cha Katanga juu ya picha hizo, na mwaka 1996 akazichapisha 101 pamoja na maelezo ya mchoraji. Picha za aina hiyo watu wa Lubumbashi waliziita kwa neno la ukumbusho. Gunia la unga lilikuwa na bei iliyoiwezesha picha kutundikwa sebuleni kwa mfanyakazi wa kawaida, mtu ambaye nyumba yake haikuwa na kitabu cha historia. Historia hiyo ilikuwa juu ya nguo iliyokwisha kubeba chakula. Hatusemi zaidi, kila mwalimu aweza kulipeleka jambo hilo darasani apendavyo.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka mmoja tulikwenda kumkagua mwalimu mwanafunzi katika shule iliyo nje kidogo ya mji wa Makambako. Alikuwa amejiandaa vema. Alibandika ubaoni kalenda yenye picha ya Tingatinga, akawaeleza watoto habari za mchoraji, akawagawia kalamu za rangi alizonunua kwa fedha yake mwenyewe, kisha akawaagiza wachore mnyama kama yule. Mwisho wa kipindi alikusanya tembo arobaini na kitu. Walifanana, na wote walikuwa wamefifia, kwa maana kalamu ya nta juu ya karatasi ya daftari haiwezi kung'aa kama rangi ya baiskeli. Watoto wenyewe waliona, wakavunjika moyo. Kazi moja tu haikuwa tembo. Mtoto wa kike wa darasa la nne, ambaye zamu ya kalamu haikumfikia, alitoka nje akarudi na tope ndani ya kifuniko cha chupa, akachora kwa kidole juu ya kipande cha mfuko wa saruji. Alichora jiko la nje lililoanguka. Mwalimu alimpa alama 3 kati ya 10 na kuandika: Hakufuata maelekezo.

Nasi tuliokaa nyuma ya darasa hatukuwa bora. Katika fomu ya ukaguzi tuliandika kwamba ubao ulipangwa vizuri na kwamba vifaa havikutosha. Ni jioni, tulipozipitia kazi zile kwa taa, ndipo tulipokisimamisha kile kipande cha mfuko ukutani na kukitazama. Ukuta wa jiko ulikuwa wa tope, na palipokuwa na ufa tope lenyewe lilikuwa limepasuka lilipokauka. Asubuhi tukamwita mtoto, akatuamkia, tukamwuliza udongo aliupata wapi. Akajibu, "Ni wa jikoni kwa bibi, mwalimu. Lilianguka kwa mvua. Niliubeba mfukoni."

Tangu siku hiyo tumebadilisha namna ya kufundisha kipindi hiki chuoni, kwa jina lolote kinaloandikwa katika ratiba. Hatuanzi na picha ya kunakili. Tunaanza kwa kumtuma kila mwalimu mwanafunzi alete kitu kimoja chenye rangi kutoka mahali alipo, na aeleze tabia yake kabla ya kuchora chochote.

Njombe si maskini wa vitu hivyo. Udongo wetu mwekundu umepata wekundu wake kutokana na kutu ya chuma. Hutwangwa, huchekechwa kwa kitambaa, kisha huchanganywa na uji mwepesi wa unga wa ngano au wa muhogo ili ushike. Ukizidisha uji, hukauka na kujikunja, ukipunguza, hupukutika. Ukikauka huwa mweupe zaidi kuliko ulivyokuwa mbichi, na mtoto hana budi kulikadiria hilo mapema. Makaa hutoa weusi wa vumbi. Majivu yaliyochekechwa hutoa kijivu kinachokaribia weupe. Miwati, iliyopandwa kwa wingi huko Kibena tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya dawa ya kulainishia ngozi, ina gome lenye maji ya kahawia yakichemshwa. Tumbukiza misumari yenye kutu katika maji hayo, uyaache siku chache, nayo yatageuka kuwa wino mweusi, kwa kuwa dawa iliyomo katika gome huungana na chuma. Mwalimu wa sayansi atafurahi kukiazima kipindi hicho.

Makambako, penye njia panda ya barabara kuu na stesheni ya reli ya TAZARA, pana maboksi, magunia, vipande vya mbao vya viwandani, na mifuko ya saruji. Mfuko wa saruji una tabaka kadhaa za karatasi ngumu. Tumia zile zisizogusana na saruji, ukung'ute vumbi nje mbali na watoto, kisha ufute kwa kitambaa chenye unyevu, kwani saruji huunguza macho. Na hapa tuseme jambo moja kwa mkazo: tusiwape watoto rangi ya mafuta wala tina eti kwa sababu Tingatinga aliitumia. Makopo ya zamani mengi yalikuwa na madini ya risasi, na harufu ya tina ndani ya darasa lililofungwa madirisha kwa baridi ya Juni si ya kuchezewa. Tunalotaka kumwiga ni usikivu wake.

Mtoto akishachora, swali la kwanza la mwalimu lisiwe "Umechora nini?" Liwe "Rangi hii ilikukatalia kufanya nini?" Swali hilo lilituletea majibu ambayo hatukuyatazamia. Mmoja alisema makaa yalimkatalia kuchora jua, akachora usiku. Mwingine alisema udongo haukubali mistari myembamba, kwa hiyo ng'ombe wake hawana pembe. Kutokana na majibu ya namna hiyo mwalimu aweza kuijenga sehemu nzima ya pili ya kipindi, na watoto watakuwa tayari kuitazama kalenda ya Tingatinga kwa jicho jingine, wakiuliza wenyewe kwa nini chui yule hana kivuli.

Suala la alama ni gumu zaidi, na hatujalimaliza. Yule mtoto wa Makambako alituruhusu tuichukue picha yake ili tuwaonyeshe wenzetu chuoni. Tuliiweka begini kwa uangalifu, lakini barabara ya kwenda Njombe ilifanya kazi yake, na tulipofungua begi sehemu kubwa ya ukuta wa jiko ilikuwa imepukutika. Tuliukusanya udongo huo katika bahasha. Karatasi na bahasha vimo kabatini katika idara yetu. Mwalimu mwanafunzi aliikata ile alama ya 3 kwa kalamu nyekundu, na nafasi iliyo pembeni yake ingali tupu, kwa sababu yeye na sisi bado hatujakubaliana iandikwe ngapi.